Kuku Adai Ufito Wake

Jua likichwa, msomaji, mtazame kuku wa kijijini. Hunyosha shingo, hupima kwa jicho hili, kisha kwa jicho la pili, akarukia tawi la mwembe. Hakufundishwa na mtu. Nasaba yake yatoka kwa kuku-mwitu wa misitu ya Asia ya kusini-mashariki, ambaye mpaka leo hulala juu ya miti, kwa kuwa chini hupita wanyama walao nyama. Hata mguu wake umeumbwa kwa kazi hiyo: akichutama, kano huvutika na vidole hufumbata tawi vyenyewe, asidondoke usingizini.

Basi niambie, kwa haki gani mfugaji hujenga banda la mabati, akatandaza maranda sakafuni, akafungia kuku 200 pasipo hata ufito mmoja? Naye hujiita mfugaji wa kisasa! Usiku ukiingia kuku wake hukosa pa kupanda. Huzongana pembeni, huyu akimlemea yule, wote juu ya kinyesi chao, katika hewa kali ichomayo macho. Mnyonge akidonolewa hana pa kukimbilia. Kisha bwana huyu hulalamika kwamba nyayo za kuku wake zimevimba.

Atajitetea kwamba fito ni gharama. Gharama gani? Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1999 ilimpa kila kuku wa mayai sentimita 15 za ufito, na tangu mwaka 2012 vizimba vitupu vya waya ni marufuku huko. Kwa kipimo hicho kuku 20 watoshwa na mita 3: mti mmoja mwembamba wa mkaratusi!

Mwingine asema kuku huanguka wakavunjika mfupa wa kidari. Hoja hii ina ukweli, wala siidharau. Lakini yamshitaki fundi, haimnyimi kuku haki yake. Ufito wa juu mno ni hatari. Weka wa kwanza karibu na sakafu, wa pili juu yake kidogo, mbali na ukuta, na uwazoeze vifaranga mapema, maana kuku aliyelelewa sakafuni hupata shida kupanda ukubwani. Kuku wa nyama, kwa uzito wake, mfanyie kichanja kifupi.

Usiku wa leo ingia na taa katika banda la nyumbani kwenu. Ukiwakuta wamerundikana pembeni, kesho chukua panga, kata mti, uulainishe, uupigilie kabla jua halijachwa.