Nani alisema mtoto wa miaka 10 amechelewa kuona?

Mwambie msee yeyote mtaani kwamba mtoto aliyezaliwa kipofu amefanyiwa upasuaji akiwa na miaka 12 na macho yake sasa yako fiti. Atakujibu: basi, si anaona? Kwa miaka mingi wataalamu wengi walisema kinyume kabisa, kwamba hata macho yakifunguliwa, ubongo wa mtoto huyo hautajua la kufanya na mwangaza unaoingia.

Wote wawili hawajapata picha kamili, na anayetuonyesha hivyo ni Pawan Sinha, mzaliwa wa India ambaye ni profesa wa sayansi ya ubongo katika chuo cha MIT, Marekani.

Hebu tuanze na wale wataalamu, maana hawakutoa maneno hewani. David Hubel na Torsten Wiesel, walioshinda Tuzo ya Nobel mwaka wa 1981, waliwafunga watoto wa paka jicho moja kwa miezi michache. Walipolifungua, jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini seli za ubongo zinazoshughulikia kuona zilikuwa karibu zote zimehamia upande wa jicho lile lingine. Paka mkubwa akifungwa jicho vivyo hivyo, hapati shida hiyo. Ndipo likaja wazo la kipindi muhimu: dirisha la utotoni ambalo likishafungwa, limefungwa.

Wazo hilo limeokoa macho mengi. Ni kwa sababu yake mtoto mchanga mwenye mtoto wa jicho, yaani ukungu ndani ya lenzi, hukimbizwa kwa upasuaji mapema. Lakini lilikuwa na upande wa pili. Mzazi maskini anayefika na mtoto wa miaka 10 angeambiwa arudi nyumbani, kwani ya nini kupoteza pesa na kitanda?

Sinha aliamua kupima badala ya kukisia. Kupitia Project Prakash (Prakash ni mwanga kwa Kisanskriti), watoto kutoka vijiji vya India wenye upofu unaotibika hutafutwa, wakapelekwa Delhi kufanyiwa upasuaji, kisha watafiti hufuatilia jinsi wanavyojifunza kuona. Mwaka wa 2006 timu yake ilichapisha habari za mwanamke aliyepasuliwa akiwa na miaka 12. Miaka 20 baadaye, aliweza kutambua vitu na hata nyuso, ingawa macho yake hayakuwahi kuwa makali kama yangu na yako.

Kisha likaja swali ambalo William Molyneux alimwandikia mwanafalsafa John Locke mwaka wa 1688: kipofu anayejua mchemraba na tufe kwa kugusa, akipata kuona leo, atavitofautisha kwa macho tu? Mwaka wa 2011 Sinha na wenzake walileta jibu kutoka kwa vijana watano wa kati ya miaka 8 na 17. Hapana, si mara moja. Lakini baada ya siku chache tu, waliopimwa tena walikuwa wameanza kuweza. Siku, si miaka!

Kinachonivutia zaidi ni mwendo. Waonyeshe hawa wageni wa kuona mraba uliolalia duara, na wanaona vipande vitatu, kila kivuli na mstari ukiwa kitu chake. Sogeza maumbo hayo, na vipande vinaungana. Inaelekea ubongo hujifunza kwanza kwamba vinavyotembea pamoja ni kitu kimoja.

Mwaka wa 2024 wakachapisha jingine katika jarida la Science. Watoto waliochelewa kuona walitambua picha za rangi bila shida, lakini picha zikiwa nyeusi na nyeupe walianguka vibaya. Maelezo ya watafiti ni kwamba mtoto mchanga huona rangi hafifu sana, kwa hivyo ubongo wake hulazimika kujifunza umbo na mwangaza kwanza. Hawa wa Delhi walikutana na rangi zote siku moja, wakaziegemea. Timu ilijaribu hilo kwa akili unde: mfumo ulioanzishwa na picha zisizo na rangi, kisha ukapewa za rangi, ulihimili mabadiliko ya rangi kuliko ule uliopewa rangi tangu mwanzo. Wale vijana wetu wanaofunza mashine kwa kuzimwagia data yote kwa mpigo, mko hapo?

Kwa maoni yangu, uzito wa kazi hii uko hospitalini kuliko maabarani. Kuchelewa bado kuna gharama, na hakuna mzazi anayefaa kungoja akisoma haya. Ukipiga mtoto picha kwa flashi na mboni moja ikatokea nyeupe mara kwa mara, mpeleke kwa daktari wa macho haraka. Inaweza kuwa mtoto wa jicho au hata saratani ya jicho. Ila "amechelewa" haiwezi tena kuwa sababu ya kumfungia mlango aliye na miaka 10, iwe Delhi au Lodwar. Na bajeti isiishie kwenye kisu. Mtoto aliyetolewa lenzi yake bila kuwekewa nyingine anahitaji miwani mizito, na miwani hiyo hubadilishwa kadiri anavyokua. Anahitaji pia mwalimu atakayempokea darasa la kwanza akiwa tayari na kimo cha darasa la sita.