Pishi Liliungua, Mpishi Akatuzwa



Wasomaji wa jarida hili, hasa mama na dada zetu, wamezoea kwamba kila ukaribiapo mwezi mtukufu wa Ramadhani ukurasa wa mwisho huwa ni wa mapishi: shurba, kaimati, mkate wa sinia, tambi, na namna ya kukaanga sambusa zisinywe mafuta. Dada anayeuandaa ukurasa huo amekuwa akitulalamikia, na ana haki, kwamba wahariri wanaume huupunguza kila wanapoishiwa nafasi ya siasa. Mwezi huu tumeamua kumfidia kwa kuyaleta mapishi ukurasa wa mbele. Tatizo ni kwamba sisi hatujui kupika. Tumelazimika kuazima pishi kutoka jiko mashuhuri, la Wall Street, mjini New York, ambalo lilipikwa katika miaka iliyotangulia 2008 na gharama yake ikalipwa na dunia nzima, wakiwemo wasioalikwa kula.

Pishi lenyewe linaitwa Biriani ya Madeni Mabovu. Huliwa na wachache, hulipiwa na wote.

Mahitaji: Familia zenye kipato kidogo na hamu kubwa ya kuwa na nyumba, kiasi chochote upatacho. Mikopo ya riba, ile ambayo malipo yake ni madogo kwa miaka miwili ya mwanzo kisha hupanda ghafla. Mchele mkavu kidogo, wa kutandaza juu tu. Muhuri wa A tatu, mmoja. Usiwe na wasiwasi juu ya upatikanaji wake, kwani anayeugonga hulipwa na wewe mpishi. Bima, kwa wingi.

Namna ya kupika: Chukua mikopo isiyolipika, uikatekate vipande vidogo mpaka isitambulikane nani anamdai nani. Changanya. Tandaza mchele mkavu juu, kisha mwite mwenye muhuri agonge. Uza sahani kwa mifuko ya pensheni ya walimu na kwa mabenki ya nchi za mbali. Vipande vilivyokosa mnunuzi usivitupe. Virudishe sufuriani, vipike upya, navyo vitapata muhuri. Wakati huo huo, ruhusu kila mpita njia akate bima ya moto juu ya nyumba isiyo yake, ili siku ikiungua naye alipwe. Mpishi ajipakulie kabla ya wageni. Likianza kutoa harufu ya kuungua, usizime moto. Toka nje upige mayowe kwamba mtaa mzima utateketea. Majirani watakuja na ndoo za maji. Yapokee maji, na ndoo ubaki nazo.

Msomaji asidhani tumetia chumvi. Tume iliyoundwa nchini Marekani kuchunguza msiba ule ilitoa ripoti yake mwaka 2011, na humo imeandikwa kwamba kati ya mwaka 2000 na 2007 kampuni moja tu ya kupima ubora wa madeni, Moody's, ilizipa daraja la A tatu hati karibu 45,000 zilizotokana na mikopo ya nyumba. Katika zile zilizopewa daraja hilo mwaka 2006, asilimia 83 zilikuja kushushwa. Ama bima ya nyumba ya mtu mwingine, hiyo ndiyo biashara iliyoiangusha AIG, shirika kubwa la bima, ambalo kitengo chake kimoja kiliahidi kufidia madeni ya watu wengine yasipolipwa, bila kuweka akiba ya kulipia ahadi hizo.

Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ikatangaza kufilisika. Siku iliyofuata Benki Kuu ya Marekani ikaipa AIG mkopo wa dola bilioni 85, na kabla ya mambo kutulia misaada iliyoahidiwa shirika hilo moja ilifika kiasi cha dola bilioni 182. Tarehe 3 Oktoba ikapitishwa sheria ya dola bilioni 700 za kuyaokoa mabenki. Hayo ndiyo maji ya majirani.

Na ndoo? Mwezi Machi 2009 ilibainika kwamba dola milioni 165 zimegawiwa kuwa bonasi kwa watumishi wa kitengo kile kile kilichoizamisha AIG. Sababu iliyotolewa ni kwamba zilikuwa bonasi za kuwafanya wabaki kazini, maana wao pekee ndio waliojua namna ya kulifumua fundo walilolifunga. Andrew Cuomo, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, alipoipata orodha alikuta watu 73 wamelipwa dola milioni moja na zaidi kila mmoja, na 11 kati yao walikuwa wamekwisha kuacha kazi. Bonasi ya kumbakiza aliyekwisha kuondoka! Mwezi Julai mwaka huo huo Cuomo alitoa ripoti juu ya mabenki tisa yaliyopokea dola bilioni 175 za umma: kwa mwaka wa 2008, mwaka wa maangamizi, yalilipa bonasi za karibu dola bilioni 33. Uingereza nako serikali iliweka pauni bilioni 45 na nusu katika Royal Bank of Scotland, na aliyekuwa mkuu wake, Fred Goodwin, akaondoka akiwa na miaka 50 na pensheni ya pauni 700,000 hivi kwa mwaka. Wananchi walipopiga kelele ikapunguzwa hadi 342,500. Ndiyo adhabu iliyokuwapo.

Wapo watakaotuambia kwamba fedha zile zilirudi. Ni kweli, na sisi hatuna haja ya kuficha. Mwishoni mwa mwaka 2012 serikali ya Marekani ilikamilisha kuuza hisa zake za AIG na kutangaza kwamba imepata faida ya dola bilioni 22.7. Waingereza hawakubahatika hivyo. Walipouza hisa zao za mwisho katika benki yao mwezi Mei 2025 walikuwa wamepata hasara ya kama pauni bilioni 10. Lakini hesabu hizo zote ni za serikali na mabenki. Tume tuliyoitaja ilikadiria kwamba hadi inaandika ripoti yake familia zipatazo milioni nne zilikuwa zimepoteza nyumba. Hatujasikia kwamba hazina ilipohesabu faida yake iliwarudishia hao funguo.

Sasa turudi katika dini yetu, kwani wapo vijana wetu wasomi wanaodhani kwamba sheria ya Kiislamu ya biashara ni habari za ngamia na tende. Amepokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a) kwamba Mtume (s.a.w) alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiuweke ule uliolowa juu ili watu wauone, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si miongoni mwa wafuasi wake. Tunawaomba wasomaji walitazame lundo lile kwa makini. Mchele mkavu juu, mbichi chini. Tofauti ya Madina na New York ni kwamba Madina palikuwa na mkono ulioingizwa ndani ya lundo. New York aliyepewa kazi ya kuingiza mkono alikuwa akilipwa na mwenye lundo.

Kadhalika Hakim bin Hizam (r.a) alikatazwa kuuza asicho nacho. Na wanazuoni wa fiqhi wakaweka kanuni kwamba anayetaka faida ya kitu sharti abebe na hasara yake. Hapo ndipo ulipo mzizi wa dhulma ya riba, ambayo Allah (s.w) katika Suratul Baqara amewatangazia vita wasioiacha: mkopeshaji anataka faida yake ije kwa vyovyote, mvua inyeshe isinyeshe, na hatari yote abebeshwe mkopaji. Mabenki yale yaliifikisha kanuni hiyo mbali kuliko wala riba wa zamani. Mla riba wa zamani mdaiwa akifa bila mali alikula hasara. Huyu wa sasa hasara yake hulipwa na mdaiwa yule yule, safari hii akiwa mlipa kodi. Kwa hiyo tunatofautiana na wale waliokasirikia bonasi peke yake. Bonasi ni mpishi kulamba mwiko. Sisi tunalihoji pishi.

Ukali wetu juu ya jambo hili una sababu ya karibu zaidi. Sisi watu wa Afrika Mashariki tulifundishwa kinyume chake na walimu hao hao. Tangu Tanzania ilipotia saini masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, tuliambiwa kwamba ruzuku ni ugonjwa, kwamba soko likimwangusha mtu aachwe aanguke. Ruzuku ya mbolea ikaondolewa katika miaka ya 1990. Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa mwaka 1997 na kipande chake kikauzwa kwa wageni mwaka 2000. Mkulima wa mahindi alipoomba asaidiwe alisomewa somo la soko huria. Kumbe somo lilikuwa na ukurasa wa pili ambao hatukusomewa.

Na ulipofika msukosuko kwetu, serikali ilitangaza mwezi Juni 2009 mpango wa shilingi trilioni 1.7 za kuunusuru uchumi, ikiwemo kufidia hasara za makampuni na vyama vya ushirika vilivyonunua mazao. Hatusemi halikuwa jambo la lazima. Tunasema tu kwamba hatukumsikia mama lishe katika hotuba ile.

Mama lishe tunayemkusudia si wa mfano. Anapika hatua chache kutoka msikiti wetu, chai na chapati asubuhi, wali na maharage mchana, na baadhi ya walioketi kuandika tahariri hii wana madeni yao kwake. Mwaka jana alichukua mkopo wa wiki kwa wiki, ile ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu. Mtoto akaugua, akakosa marejesho ya wiki mbili. Wakaja vijana wawili na bajaji wakabeba sufuria zake tatu pamoja na jiko la mkaa, mchana, wateja wakiwa kwenye benchi. Hakuna aliyepiga mayowe kwamba mtaa utateketea. Hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni mkubwa mno kuachwa aanguke. Katika sura ile ile ya Al-Baqara, aya inayofuata tangazo la vita, imeamriwa kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi. Muda aliopewa huyu ulikuwa ni wa kupakua wali uliobaki sufuriani.

Na siku hizi hata kubisha hodi hakuhitajiki, kwani mkopeshaji amo ndani ya simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Hizo ni zile zilizojulikana.

Tukiwa tumewanyooshea kidole Wamarekani kwa kurasa nzima, uadilifu unatutaka tuutazame na mkono wetu. Harakati yetu inahubiri dhidi ya riba tangu ilipoasisiwa. Tuna mihadhara, tuna kanda, tuna vijitabu. Lakini mama yule alipohitaji fedha za mtaji hakuja kwetu, na tulipomuuliza sababu alijibu kwa adabu, "Wanangu, kwenu nilijua nitapata mawaidha." Tuna mfuko wa mkopo mwema ulioanzishwa kwa nia njema, mwaka juzi sehemu yake iliwekwa katika biashara ya mmoja wetu, biashara ikafa, hasara ikaandikwa kwa jina la jamaa wote, na posho za vikao vya kamati zikaendelea kulipwa kama kawaida. Kiasi hakikuwa dola bilioni. Pishi lilikuwa lile lile.

Umar bin Khattab (r.a) katika mwaka wa njaa kuu, mwaka wa 18 Hijria, alijinyima samli na nyama mpaka watu wapate afueni. Ni mashuhuri pia kisa chake cha usiku alipomkuta mwanamke ameinjika chungu kisicho na chakula ili watoto wake wadanganyike mpaka walale. Alikwenda mwenyewe ghalani, akabeba unga mgongoni, na mtumishi wake Aslam alipotaka kumpokea mzigo alimuuliza kama atambebea na siku ya Kiyama. Kisha Amiri wa Waumini akainama akapuliza moto, moshi ukapita katikati ya ndevu zake. Wasomaji wetu wamekisikia kisa hiki mara nyingi, nasi tumekisimulia mara nyingi, kwa kawaida tukiwa tumekwisha kula.

Kwa hiyo kamati imekubaliana, baada ya mabishano ambayo hatutayaeleza hapa, kwamba posho za vikao zisimame hadi hasara ile ilipwe na walioamua, kwa majina yao, na kwamba hesabu za mfuko zibandikwe ubaoni msikitini kila mwisho wa mwezi, upande wa wanaume na upande wa wanawake. Na kutokana na mchango wa Ijumaa mbili zilizopita, jiko na sufuria za mama yule zimekombolewa, bila ya nyongeza ya riba, baada ya wazee wawili kwenda kuzungumza na mkopeshaji.

Zimerudi sufuria mbili. Ile kubwa, ya wali, ilikuwa imekwisha kuuzwa.