Sikutafuna Mfupa

Kofia ya gego langu iling'oka Wandegeya nikiwa nakula roleksi. Chapati na mayai, wala si mfupa wa mbuzi. Nilipoirudisha kliniki swali lilikuwa moja tu: "Umetafuna nini?" Ikapakwa gundi, ikarudishwa, nikalipa. Baada ya wiki tatu ikang'oka tena. Safari hii nikaambiwa kwamba zirkonia ndivyo ilivyo, haishiki gundi.

Maneno hayo nayapinga. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, si wa meno, lakini ninakaa bweni moja na mwenzangu anayesomea udaktari wa meno, na nimemsumbua kwa maswali mpaka nikaelewa. Zirkonia inashika gundi. Isiyoshika ni ile iliyoandaliwa ovyo.

Chanzo cha kosa ni mazoea. Kauri nyingine za meno zina kioo ndani yake. Daktari huzipaka asidi ya haidrofloriki, asidi ikala kile kioo na kuacha vishimo, kisha hupaka silani, na gundi ya rezini ikapata pa kushika. Zirkonia haina kioo. Asidi ile haipati cha kula, na silani peke yake haina cha kukamata. Kuifanyia zirkonia yale yale ni kama kupaka rangi ukuta wenye vumbi.

Njia yake inajulikana. Kwanza, ndani ya kofia hupulizwa unga wa alumina, chembe za mikromita 50 hivi, kwa shinikizo dogo la hewa, ili uso ukwaruzike na kutakata. Pili, hupakwa dawa yenye MDP, kemikali iliyobuniwa na kampuni ya Kuraray ya Japani. Molekuli yake ina ncha mbili: moja, yenye fosfeti, hushikana na zirkonia, nyingine hushikana na rezini. Tatu, ndipo hutiwa gundi ya rezini. Mwaka 1998 Matthias Kern na mwenzake wa Ujerumani walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba zirkonia iliyopulizwa unga na kugandishwa kwa rezini yenye MDP iliendelea kushika hata baada ya kukaa majini siku 150. Hayo si mambo ya jana.

Kuna hatua nyingine ambayo ni rahisi kurukwa, na nashuku ndiyo iliyoniponza. Kofia hujaribiwa mdomoni kabla ya kugandishwa, ikaloa mate. Mate nayo yana fosfeti, na fosfeti hiyo hung'ang'ania zirkonia. MDP ikifika inakuta taksi imeshajaa: viti vyote 14 vimekaliwa. Daktari akiisafisha kwa asidi ya fosforiki, kama alivyozoea kwenye kauri nyingine, anaongeza abiria wale wale. Inatakiwa dawa maalumu ya kusafishia zirkonia, au unga upulizwe upya.

Wapo watakaosema kwamba jino refu hushikilia kofia hata kwa saruji ya kawaida. Ni kweli, ila langu ni fupi, na jino fupi hutegemea gundi. Wengine watasema kifaa cha kupulizia ni ghali na foleni ni ndefu. Nakubali. Basi niambieni kabla ya kupokea fedha zangu: "Kifaa hicho hatuna, chagua kofia ya aina nyingine." Mgonjwa akiambiwa hivyo ataamua mwenyewe. Akiambiwa ametafuna mfupa, amenyang'anywa fedha na heshima kwa pamoja.

Ndugu zangu mnaosomea meno, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Dakika chache mnazookoa kwa kuruka hatua, mgonjwa huzilipa kwa nauli, kwa maumivu na kwa aibu ya kuficha pengo mbele ya watu.

Nasi wa Kiswahili tuna deni letu. Tangu 2005 lugha hii ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini siku ile nilikaa kwenye kiti cha daktari bila neno hata moja la kumuulizia. Sasa ninayo maswali matatu. Umeipuliza unga? Umeipaka MDP? Baada ya kuijaribu, umeyaondoa mate? Nitayauliza kabla sijafungua mdomo kwa ajili ya sindano.