Kumwimba Yesu si Kumshusha

Mwandishi anayedai kwamba filamu ya Son of Man (2006) imemshusha Yesu kwa kumleta katika vibanda vya kitongoji cha Khayelitsha, Afrika Kusini, na kumsimulia kwa nyimbo za Kixhosa, aje kwanza Durban. Hapa Inanda, pembezoni mwa jiji hilo, waumini wa kanisa la Nazareti, lililoanzishwa na Isaiah Shembe mwaka 1910, wamemsifu Mungu kwa nyimbo, ngoma na kucheza kwa zaidi ya karne. Nani atawaambia hiyo si ibada?

Katika filamu hii ya Mark Dornford-May, Yesu anauawa na kuzikwa kwa siri. Mariamu, aliyeigizwa na Pauline Malefane, anaufukua mwili na kuuinua msalabani hadharani, wauaji wasipate pa kujificha. Katika nchi ambayo Steve Biko, mwanaharakati aliyepinga ubaguzi wa rangi, alifia mikononi mwa polisi mwaka 1977, Injili haikupotoshwa hapo, imehubiriwa.