Nakshi si Kifuniko cha Makosa



Katika karakana yetu nimesikia mara nyingi neno hili: "Bangili ikikushinda, itie nakshi, makosa hayataonekana." Nami nilikuwa mmoja wa waliolisema. Leo naomba nafasi ndogo katika gazeti letu nilipinge.

Muhula uliopita nilimfulia mama bangili ya shaba. Bamba lilikuwa limekwisha kuwa gumu, lakini kwa uvivu sikulirudisha motoni. Niliendelea kuligonga mpaka likapata ufa mdogo ukingoni. Badala ya kuanza upya, niliupigia ufa ule vitone vya msumari hata ukapotea machoni. Mama alifurahi, akaivaa harusini kwa mjomba. Huko ikakatika, ikamchana mkono mbele ya wageni. Hakunilaumu. Alinirudishia vipande viwili, amevifunga katika leso.

Ndugu zangu, shaba ina tabia yake. Kila pigo la nyundo huizidishia ugumu, na ugumu ukipita kiasi hupasuka. Dawa yake ni moto: ichome mpaka iwe nyekundu ya kufifia, kisha itie majini. Feleji ikifanyiwa hivyo huwa ngumu, lakini shaba hulainika. Mtia nakshi hana budi kuirudia kazi hiyo kila shaba inapoanza kuikataa nyundo.

Tena, alama za nyundo hazifutiki kama chaki ubaoni. Nyundo ya kichwa cha mviringo huacha vishimo. Ya ncha bapa huacha mistari. Msumari uliopunguzwa makali kwa tupa huacha vitone. Hata mkwaruzo ulio usoni mwa nyundo hujichapa juu ya shaba. Basi nakshi yaficha nini? Mimi naona yafichua. Yaonyesha nani alikuwa na subira na nani alikuwa na haraka.

Wako watakaosema kuwa kitu kizuri hakihitaji pambo. Na walitazame jambia la Oman, ambalo ala yake hujazwa nakshi za fedha. Pambo lile si la kuficha aibu. Tangu mwaka 1970 jambia limo katika bendera ya nchi hiyo.

Kwa wadogo zetu wanaoanza kazi hii nasema: jizoezeni kwanza juu ya vipande vya shaba visivyo na kazi, pigeni nakshi bamba likiwa bado limenyooka, ndipo mlikunje, na mkiona ufa, anzeni tena. Kwa walimu wetu naomba jambo moja: wanapotoa alama, waigeuze bangili na kuukagua upande wa ndani, usio na nakshi. Huko ndiko ufa wangu ulikokuwa ukionekana.

Sasa namfulia mama bangili ya pili. Ina safu moja tu ya vitone, na ndani haina ufa. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne