Maksai hafundishwi siku ya mvua

MAONI YETU

Mvua ya kwanza ya vuli ikishanyesha Biharamulo, kazi haingoji. Ardhi iliyokuwa imekauka miezi mitatu inalainika usiku mmoja, na asubuhi yake kila kaya yenye plau iko shambani. Hapo ndipo unapokiona kioja cha kila mwaka. Madume wawili ambao tangu wazaliwe hawajawahi kufungwa kamba wamevishwa nira alfajiri hiyohiyo, na saa moja asubuhi wanatakiwa walime. Mmoja amelala chini, hataki kuinuka. Mwenzake anavutia porini. Mtoto aliyetangulia mbele anang'ang'ana na kamba, mshika plau anatukana, na wa tatu ana fimbo. Ikifika saa nne, hata robo eka haijalimwa, kijiti cha nira kimekatika, na ng'ombe wana michirizi mgongoni.

Tuseme wazi kwamba kosa hapo si la ng'ombe. Ni la mwenye ng'ombe, aliyeiacha Juni, Julai na Agosti ipite bure. Miezi hiyo mahindi yameshavunwa, vijana wapo nyumbani, na madume wapo zizini wakicheua. Hakuna wakati mwingine katika mwaka ambao mkulima ana nafasi kama hiyo. Wengi wetu tunautumia kwenda mnadani na kwenye harusi, halafu Oktoba tunataka ng'ombe ajifunze kwa siku moja kazi ambayo humchukua wiki nne hadi sita.

Watu wa nchi za baridi wanalijua hili kwa farasi wao. Kabla theluji haijaanguka, farasi mchanga huonyeshwa blanketi atakalokuja kuvishwa, akaachwa alinuse, likawekwa mgongoni likiwa limekunjwa, likakunjuliwa taratibu, na mikanda ikafungwa baadaye kabisa. Anayemvisha kwa mara ya kwanza usiku wa dhoruba hupigwa teke, na blanketi likachanika. Sisi farasi hatuna. Mbung'o wa mapori ya Burigi na Biharamulo walishakata shauri hilo zamani. Lakini ng'ombe naye ni mnyama wa woga, na anachokiogopa siku ya kwanza atakiogopa mwaka mzima.

Waliokuja Biharamulo na mifugo yao kutoka Usukuma, ambako plau ilienea pamoja na pamba tangu enzi za mkoloni, wanaijua kazi hii vizuri. Waulize wazee wao, na watakueleza jambo ambalo vijana wao wa leo wanaliruka. Unachagua madume wawili wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, wanaolingana kimo na mwendo, wakiwa wameshahasiwa na kidonda kimepona. Kila mmoja unampa jina fupi, nao majina yao watayajua upesi kuliko unavyodhani. Siku za mwanzo hakuna nira. Ni kamba tu, na mkono wa mtu. Unamfunga mtini, unamsugua shingo, unamshika masikio, unamzoesha kusimama wewe ukipita nyuma yake. Akishatulia, unamtembeza.

Kisha ndipo nira inaingia, tupu, bila chochote cha kukokota. Ukiwa na maksai mzee, mfunge na mwanafunzi. Mzee huyo atafanya nusu ya kazi ya ualimu. Aliyewekwa kulia abaki kulia siku zote. Baada ya hapo unafunga mnyororo na kuuacha uburuzike, kwa sababu mlio wa chuma nyuma ya miguu ndio unaowatimua wengi. Gogo dogo linafuata, baadaye gogo zito, na mwisho plau yenyewe, kwenye bonde ambalo bado lina unyevu. Somo liwe la asubuhi, nusu saa hadi saa moja, na likomeshwe wakati ng'ombe bado anatii. Ukingoja achoke ndipo umfungue, ameshajifunza kwamba kulala chini kunaleta mapumziko.

Fimbo ina nafasi yake, nayo ni ya kuelekeza. Anayepiga ng'ombe asiyejua anachotakiwa kufanya anapoteza nguvu zake mwenyewe, na pia anakaribia kuvunja sheria: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, na maksai yumo. Hatujasikia wengi wakifikishwa mahakamani kwa hilo. Ni sheria hata hivyo.

Kwenye nira ndiko kwenye balaa kubwa. Ng'ombe wetu wa asili ana nundu, na mti wa nira unatakiwa ukae mbele ya nundu hiyo, uwe mwepesi, umepigwa randa ukalainika, na vijiti vyake visibane shingo. Nenda ukaangalie nira nyingi zinazotumika. Mti una magome, umepinda, na ulichongwa kwa ng'ombe aliyeshauzwa zamani. Kiangazi ngozi ikiwa kavu mkwaruzo mdogo unapona. Masika ngozi imelowa, inachubuka kwa siku mbili, inzi wanatua, na maksai anakaa zizini na kidonda wakati majirani wanapanda. Kama una mpango wa kupalilia kwa ng'ombe, mambo yanaongezeka: nira ya palizi ni ndefu zaidi ili kila ng'ombe apite katikati ya mistari yake, na lazima azoee kikapu cha mdomoni kisichomruhusu kula mahindi. Kikapu hicho akivishwa mara ya kwanza mahindi yakiwa yamefika magotini, hesabu shamba umemlisha.

Afya nayo ni kazi ya kiangazi. Ng'ombe anayekokota katika eneo lenye mbung'o huelemewa na nagana kuliko yule anayechunga tu, maana kazi nzito inamaliza nguvu ambazo angezitumia kupambana na ugonjwa. Mvua ikianza, kupe wanaongezeka, na ndigana kali inakuja nao. Kwa hiyo apelekwe joshoni mapema, apimwe, achanjwe. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo ya ruzuku na utambuzi wa mifugo, na homa ya mapafu ya ng'ombe ni miongoni mwa magonjwa yaliyolengwa. Asiyempeleka maksai wake amwulize ofisa mifugo wa kata sababu ya kumpeleka, si jirani. Tunaomba pia tabia ya kununua dawa ya nagana dukani na kujidungia kwa kukadiria ikome. Dozi pungufu ndiyo inayowafundisha vimelea kuizoea dawa.

Halafu kuna chakula. Mwishoni mwa Septemba nyasi zimekwisha na ng'ombe wamekonda, na huo ndio wakati tunaowataka wafanye kazi nzito kuliko zote. Huku mabua ya mahindi yalichomwa moto Juni. Mabua hayo na maganda ya maharage yakiwekwa kwenye kichanja, pamoja na chumvi kidogo, yanatosha kumfikisha maksai kwenye mvua akiwa amesimama vizuri.

Msomaji wa Ngara atasema haya ni ya Biharamulo. Ni kweli kwa sehemu. Kwenye vilima na migomba ya Bugufi plau haina pa kugeukia, na jembe la mkono litaendelea kutawala huko. Hatushauri mtu alime mteremko mkali kwa ng'ombe; udongo wote utaishia mtoni. Lakini Ngara ina maeneo tambarare pia, na ina maji, ndizi, mawe na kuni za kubeba kila siku, mizigo ambayo leo iko kichwani kwa wanawake. Mkokoteni unahitaji ng'ombe mtulivu kuliko hata plau, maana barabarani kuna pikipiki na malori yanayoelekea Rusumo.

Kuna wanaoona hili ni jambo dogo la wafugaji. Watazame nani anangoja. Asiye na ng'ombe hukodi, na anayekodisha hulima kwake kwanza, kisha kwa ndugu, kisha kwa mwenye fedha taslimu. Mjane mwenye eka moja anafikiwa mwisho, mvua ikiwa imeshapita wiki tatu, na mahindi yake yanaonyesha. Jozi za maksai waliofundishwa zikiongezeka kijijini, foleni hiyo inafupika. Watazame pia watoto. Ng'ombe wasiojua kazi wanahitaji watu watatu, na wa mbele karibu kila mara ni mtoto wa shule, tena katika miezi ambayo darasa la nne wanajiandaa na upimaji wa taifa. Jozi iliyofundishwa vizuri inaongozwa na watu wawili, na iliyobobea inatosheka na mmoja.

Nchi hii haianzi leo. Miaka ya 1980 Mbeya kulikuwa na mradi mzima wa kueneza wanyamakazi kwa msaada wa Kanada, na vituo vya mafunzo vilikuwepo sehemu nyingi. Baadaye macho yote yakahamia kwenye trekta. Trekta ni jambo jema kwa anayeweza kulipata na kulitengeneza likiharibika. Mkulima wa eka tatu Nyakahura hawezi, na hatutamdanganya kwamba ataweza mwakani.

Tunachoziomba halmashauri za Ngara na Biharamulo hakihitaji mfadhili. Kila Julai, ofisa kilimo na ofisa mifugo wa kata wakae na vijiji vinavyolima kwa ng'ombe, wawatafute wazee wawili watatu wenye ujuzi, wawalipe posho ya heshima, na wafundishe vijana kwa mwezi mmoja. Vifaa ni kamba, gogo, nira nzuri ya kuigwa na bonde lenye unyevu. Na Nane Nane, badala ya kuonyesha fahali wanono wa kupigwa picha pekee, zishindanishwe jozi za maksai, na zawadi iende kwa mstari ulionyooka na shingo isiyo na kidonda.

Na wewe mwenye madume wawili zizini, usisubiri semina. Chonga nira sasa, na kamba ianze Julai.