Chumvi Nayo Ipewe Haki Yake

Ndugu msomaji, wenzangu wa chama wamekuletea mashairi na ngonjera. Mimi mwaka huu naitetea chumvi. Usicheke kwanza.

Darasani tunachora DNA kama ngazi iliyosokotwa, tunapaka rangi, tunapata tiki, basi. Hakuna anayeuliza ngazi hiyo imeingiaje ndani ya seli. DNA ya seli moja ya mwanadamu ikinyooshwa yote hufika kama mita 2, na kiini inamokaa hakizidi sana milimita 0.006. Isitoshe, mbavu za uzi huo zimejaa fosfeti, na fosfeti zina chaji hasi. Fizikia imeshatufunza kwamba chaji za aina moja hufukuzana. Sasa uzi unaojifukuza wenyewe utakunjwa vipi, jamani?

Kitabu kitakujibu: histoni, yaani protini zenye chaji chanya. Jozi 147 za besi huzungushwa kwenye fungu la histoni 8, kama uzi kwenye kibiringo. Ni kweli, ila histoni hazitoshi kutuliza chaji yote. Kazi inayobaki hufanywa na ioni ndogondogo: potasiamu, sodiamu, na hasa magniziamu yenye chaji chanya 2. Mwaka 2018 watafiti wa Japani walionyesha kwamba seli inapogawanyika, magniziamu iliyo huru huongezeka, maana ATP iliyokuwa imeishikilia hupungua. Nazo kromosomu hukazana. Kumbe!

Lakini hapa kwetu mwanafunzi wa kemia anaijua magniziamu kama utepe unaowaka mwanga mweupe, na wa biolojia anaijua ndani ya klorofili tu. Masomo mawili, ukuta mmoja katikati, na hayajuliani hali. Hapo ndipo lawama yangu ilipo.

Na tusisingizie ukosefu wa vifaa. Duka lolote hapa Elgon View lina chumvi. Ponda ndizi mbivu, tia maji ya chumvi na sabuni ya maji kidogo, uchuje kwa chujio la chai. Kisha mimina polepole spiriti iliyopozwa, kandokando ya bilauri, mbali na moto. Sabuni hupasua utando wa seli. Ioni za sodiamu huziendea fosfeti na kuzituliza, na spiriti huzisaidia kushikamana nazo kuliko zinavyoweza ndani ya maji matupu. Nyuzi zikiacha kufukuzana, hukusanyika. Utaona kitu cheupe kinachovutika kama makamasi (samahani kwa anayesoma akila). Tayarisha na bilauri ya pili isiyotiwa chumvi, ulinganishe.

Ombi langu kwa walimu wetu wa kemia na biolojia ni moja: muhula ujao tupeni vipindi viwili vya pamoja maabarani. Ndizi nitaleta mimi.